Marehemu Hakuwa Mlevi: Homoni na Saratani ya Ini

Tulifika Kotile siku ya tatu ya taazia, baada ya safari ndefu ya barabara ya vumbi inayoufuata Mto Tana kutoka Garissa kuelekea Masalani. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mfugaji wa makamo na mtu wa msikiti. Tumbo lilimvimba, macho yakawa ya manjano, mwili ukakauka, na tangu alipoanza kulalamikia ubavu wa kulia hadi siku ya kuzikwa haikutimia miezi mitano. Hospitali ilisema ni saratani ya ini. Tuliokuwa ndani, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya maziwa, tulikuwa na maswali mawili ambayo hakuna aliyeyatamka mpaka wanaume walipotoka kwenda kuswali Alasiri.

La kwanza lilikuwa neno la kukata maini: je, marehemu alikuwa akinywa pombe kwa siri? Maana ugonjwa wa ini, kama tulivyozoea kusikia, ni ugonjwa wa walevi. La pili lilitoka kwa jirani aliyekuwa akimtazama mjane kwa pembe ya jicho: je, ile sindano ya kupanga uzazi ambayo mke alikuwa akichomwa kila miezi mitatu, si ndiyo iliyoleta nuksi nyumbani? Si dawa ya homoni ile? Na si inasemekana homoni huilisha saratani?

Mjane, ambaye ndiyo kwanza ameingia eda, aliinamisha kichwa. Mimi nami sikuwa na jibu la kumtoa katika fedheha ile. Nililitafuta baadaye, na makala haya ni malipo ya deni hilo.

Watu wa Kotile hawahitaji kufundishwa ini ni nini. Mfugaji humchinja mbuzi, akalitoa ini, akaligeuza kwenye nuru kabla hajaligusa kitu kingine. Ini lenye madoa au mapele humtia shaka na nyama yote. Mwisho wa mwaka 2006, mvua kubwa zilipoifurisha nchi ile na Homa ya Bonde la Ufa ikazuka katika wilaya ya Garissa na ya Ijara, kondoo walitupa mimba na kufa kwa wingi, na maini yao yalikuwa yameharibika. Katika nchi nzima ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 150 kabla haujazimwa mwaka 2007. Kwa hiyo wenyeji wanafahamu kwamba ini laweza kuangamizwa na kiumbe kisichoonekana kwa macho, bila tone la pombe. Ajabu ni kwamba ufahamu huo huishia kwenye zizi. Ini la binadamu likiharibika, hurudi kwenye kumsengenya maiti.

Tuanze basi na kumsafisha marehemu. Pombe ni sababu moja ya saratani ya ini, lakini katika Afrika na Asia mkubwa wa sababu zake ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kirusi hiki kilianza kujulikana mwaka 1965, pale Baruch Blumberg, mtafiti wa Marekani, alipokuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia kitu kigeni ambacho baadaye kilithibitika kuwa ni gamba la kirusi hicho. Alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mwaka 1981 daktari Palmer Beasley na wenzake walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 wa Taiwan, na wakakuta kwamba waliokuwa wakibeba kirusi hicho katika damu walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wenzao wasiokibeba. Ni nadra katika elimu ya tiba kuona sababu na tokeo vilivyofungamana kwa nguvu kiasi hicho.

Kirusi chenyewe hupita katika damu na majimaji ya mwili. Mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Watoto huambukizana kwa vidonda na mikwaruzo. Mume na mke huambukizana. Tena huweza kukaa nje ya mwili, juu ya wembe au sindano, hata siku 7 kikiwa hai. Na hapa kuna jambo la kutisha: mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi sana mwili wake hukishinda, lakini mtoto mchanga akiambukizwa, katika kila watoto 10 takriban 9 hubaki nacho maisha yao yote. Hukaa nacho miaka 30, 40, wakichunga, wakioa, wakisali, bila kuumwa chochote. Ini linachomeka polepole, linajishona, linafanya kovu, linachomeka tena. Saratani hujitokeza mwishoni, pale ambapo hakuna tena anayekumbuka mwanzo ulikuwa lini.

Ongeza juu yake sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, huko Ukambani, ambapo watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mkupuo mmoja. Kidogo kidogo cha kila siku hakiui kwa wiki. Hukaa kikiharibu chembe za uzazi ndani ya seli za ini, na kwa mwenye kirusi cha B madhara yake huzidi mara nyingi kuliko kwa asiye nacho. Nchi ya Tana, ambayo mafuriko yake huingia mpaka maghalani na barabara zake hufungwa kwa majuma huku magunia yakingoja chini ya turubai, ni nchi ya kuchungua sana mahindi yake.

Sasa tufike kwenye homoni, maana yule jirani hakukosea kabisa, alikosea upande.

Hesabu za dunia za mwaka 2022 zilikuwa wagonjwa wapya wa saratani ya ini takriban 866,000, na waliokufa takriban 758,000. Tazama namba hizo mbili zilivyokaribiana, ujue ukali wake. Katika wagonjwa hao, karibu 7 kati ya kila 10 ni wanaume. Ni hivyo Asia, ni hivyo Afrika, ni hivyo Ulaya: kwa kila mwanamke mmoja, wanaume wawili hadi watatu. Wazee walidhani sababu ni sigara na pombe, ambavyo wanaume huvitumia zaidi. Vina sehemu yao. Lakini hata katika jamii ambazo wanaume wake hawanywi, pengo linabaki palepale. Na hata katika panya wa maabara, ambao hatuna haja ya kuwasingizia ulevi, madume huugua zaidi.

Homoni ni wajumbe. Mwili huwatuma kutoka kiungo kimoja kwenda kingine kupitia damu, wakiwa na amri: kua, acha kukua, hifadhi sukari, toa maziwa. Kila mjumbe ana mlango wake kwenye seli, ambao tutauita kipokezi. Asiye na ufunguo wa mlango huo hapiti. Tumezoea kufikiri kwamba homoni za jinsia, yaani testosteroni iliyo nyingi kwa wanaume na estrojeni iliyo nyingi kwa wanawake, kazi yake ni uzazi na ndevu na matiti tu. Kumbe ini nalo lina vipokezi vya zote mbili, na husikiliza amri zake usiku na mchana.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, katika maabara ya Michael Karin, waliwapa panya kemikali inayosababisha saratani ya ini. Madume yote yalipata uvimbe. Majike yaliyopata yalikuwa kati ya 10 na 30 katika kila 100. Walipochunguza wakakuta kwamba seli za ini zinapokufa, walinzi wa mwili walioko ndani ya ini hupiga mbiu kwa kutoa kitu kiitwacho interlukini-6, na mbiu hiyo ikizidi huamsha seli nyingine zikue ovyo. Katika madume mbiu ilikuwa kubwa. Katika majike estrojeni iliizima. Na panya walipoondolewa uwezo wa kutoa interlukini-6, tofauti ya dume na jike ikatoweka. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Science, na tangu hapo imekuwa vigumu kusema kwamba tofauti ya mume na mke katika ugonjwa huu ni ya tabia tu.

Testosteroni nayo ina kisa chake, na ni kisa cha mwizi kula njama na bawabu. Ndani ya maandishi ya uzazi ya kirusi cha B mna sehemu ambapo kipokezi cha testosteroni, kikiwa kimeshapokea mjumbe wake, hukaa kama mkono juu ya swichi, na kirusi kikaanza kujinakili kwa kasi. Kisha protini moja ya kirusi, waiitayo X, hurudisha hisani kwa kukitia nguvu kipokezi hicho. Kirusi kinazidi, kipokezi kinazidi, na ini linalipa. Huko Taiwan, mwaka 1993, Ming-Whei Yu na Chien-Jen Chen walionyesha kwamba wanaume waliokuwa na testosteroni nyingi katika damu ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuja kuugua saratani hii. Miaka kumi baadaye utafiti mwingine wa Ming-Whei Yu na wenzake uliwatazama wanawake, ukakuta kwamba waliozaa mara nyingi zaidi na waliochelewa kukoma hedhi walikuwa na hatari ndogo, na walioondolewa ovari mapema walikuwa na hatari kubwa zaidi. Mama zetu waliozaa wanane na tisa, ambao siku hizi vijana huwahurumia, walikuwa wakivuna kinga wasiyoijua. Kinga hiyo, hata hivyo, si ya milele. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka, na hatari ya mwanamke huanza kupanda.

Kuna mjumbe wa tatu pia, hatoki kwenye viungo vya uzazi bali kwenye mafuta ya mwili, anaitwa adiponektini, naye huzuia uvimbe wa ini usikue. Watafiti wa Hispania walieleza mwaka 2019 kwamba wanawake wanaye kwa wingi zaidi, kwa sababu testosteroni humpunguza kwa wanaume.

Msomaji mwepesi atasema: basi wagonjwa wapewe estrojeni, au dawa ya kuziba vipokezi, wapone. Madaktari nao walifikiri hivyo, na hapa elimu ilitiwa adabu. Dawa ya tamoksifeni, ambayo imewasaidia wanawake wengi sana wenye saratani ya matiti kwa kuziba mlango wa estrojeni, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini. Jaribio kubwa la Italia la mwaka 1998, lenye wagonjwa karibu 500, halikuona faida yoyote. Jaribio la nchi za Asia na Pasifiki lililotangazwa mwaka 2002 liliona kwamba waliopewa dozi kubwa waliishi muda mfupi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Dawa za kuzuia testosteroni nazo zilijaribiwa, zikashindwa. Na mwaka 2012 maabara ya Klaus Kaestner huko Pennsylvania ilionyesha jambo la kustaajabisha: panya walipoondolewa protini mbili ziitwazo Foxa1 na Foxa2, mambo yaligeuka, majike ndiyo yakaugua zaidi na madume yakasalimika. Yaani homoni ileile, kwa mkalimani mwingine, inatoa amri nyingine. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa dukani au wa mtandaoni akiuza dawa ya "kusawazisha homoni" ili kutibu saratani ya ini, mwachie dawa yake. Waliojaribu kwa uangalifu na kwa uaminifu wameshindwa. Yeye amefaulu lini?

Turudi kwa mjane wetu na sindano yake. Sitaingia katika hukumu ya kupanga uzazi. Hiyo waulizwe masheikh. Ninazungumzia ini tu.

Mwaka 1973 daktari Janet Baum wa Marekani na wenzake waliandika juu ya wanawake 7 waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi na wakapatwa na uvimbe wa ini ambao si saratani. Vidonge vya zama hizo vilikuwa na homoni nyingi kuliko vya leo. Ikathibitika baadaye kwamba uhusiano huo ni wa kweli: vidonge vyenye estrojeni, vikitumika miaka mingi, huongeza uwezekano wa uvimbe huo, ijapokuwa hubaki nadra mno, watu 3 au 4 katika watumiaji 100,000 kwa mwaka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka vidonge vya homoni mbili katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani, ini likiwa mojawapo ya viungo vilivyotajwa. Hayo hayafichwi. Shirika hilohilo linaeleza kwamba vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya ovari na ya kizazi, na hilo nalo lisifichwe.

Je, katika nchi kama yetu, ambako kirusi cha B ndicho chanzo kikubwa? Shirika la Afya Duniani liliuliza swali hilo, na likalijia hapahapa kulijibu. Utafiti wake kuhusu sindano ya miezi mitatu na saratani ya ini ulifanyika katika hospitali za Kenya na Thailand, na matokeo yalitangazwa mwaka 1991: hakukupatikana ushahidi kwamba sindano huongeza hatari. Wagonjwa waliochunguzwa hawakuwa wengi, na mtu mwaminifu lazima alitaje hilo. Lakini sindano ile haina estrojeni kabisa, na mwongozo wa shirika hilo kwa madaktari haumzuii mwanamke anayebeba kirusi cha B, ambaye ini lake halijaharibika, kutumia njia yoyote ya uzazi. Anayetakiwa kujihadhari ni yule ambaye ini lake limeshafanya makovu mazito au lina uvimbe. Huyo asitumie vidonge vyenye estrojeni, na amweleze muuguzi kabla ya kuchomwa chochote.

Ama kwamba homoni aliyochomwa mke iliota saratani katika ini la mume, hilo halina mlango wala dirisha. Kama kuna homoni iliyohusika na kifo cha mtu yule wa Kotile, ilikuwa ni yake mwenyewe, aliyoumbiwa, ambayo hakuna wa kumlaumu kwayo.

Zipo homoni nyingine ambazo hatuziiti homoni, na hizo ndizo ningependa jirani yule azichunge. Vijana wanaoinua vyuma mijini huuziwa sindano na vidonge vya kukuza misuli, ambavyo ni testosteroni iliyobadilishwa sura. Vimeshajulikana kuleta uvimbe wa ini na hata saratani kwa vijana wa umri wa miaka 20 na ushei. Mama akimwona mwanawe ametanuka mabega ghafla na chunusi zimemjaa mgongoni, asimsifu tu. Mabinti nao, harusi ikikaribia, hupewa vidonge vya kunenepesha bila karatasi ya daktari, na baadhi yake mna steroidi zinazopandisha sukari na kunenepesha ini kabla hazijanenepesha mashavu.

Na sukari yenyewe ni habari ya homoni. Insulini ni mjumbe anayeamrisha seli zipokee sukari na zikue. Mtu akinenepa tumboni na mwili ukaacha kumsikiliza mjumbe huyo, kongosho hutuma wajumbe wengi zaidi, damu ikajaa amri ya "kua, kua", na ini lililojaa mafuta ndilo linalozisikia kwa karibu. Mwenye kisukari ana hatari ya saratani ya ini mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho, hata kama hana kirusi chochote. Zamani mtu wa Kotile alikunywa maziwa na kutembea na ng'ombe kutwa nzima. Leo mifugo imepungua kwa ukame, watu wamekaa mjini, na siku huanza kwa anjera iliyolowa mafuta na chai ambayo kijiko husimama ndani yake. Kwetu pwani tunasema yaleyale juu ya mahamri na mbaazi, halafu halua baada ya Magharibi. Sisemi tuache. Nasema vijiko vya sukari vihesabiwe.

Nikaingia pia kwenye jambo lililonihuzunisha kuliko yote. Wasomali wa huko huuita ugonjwa wa macho ya manjano cagaarshow, na tiba yake ya mababu ni moto: mgonjwa huchomwa kwa kijiti au chuma kwenye mikono au tumboni. Nimeona makovu hayo kwa watu wazima na kwa watoto. Manjano ya homa ya ini aina ya A huondoka yenyewe baada ya majuma, hivyo moto hupata sifa isiyo yake. Manjano ya aina ya E, ambayo hutoka kwenye maji machafu na mwaka 2012 iliwapata watu zaidi ya 300 katika kambi za Dadaab, mara nyingi huondoka vilevile, isipokuwa kwa mama mjamzito, ambaye yaweza kumuua kwa siku chache. Yeye apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asingoje makaa. Aina ya B na C hazichomeki kwa moto kamwe. Na chombo kilichomtoa mmoja damu kikamgusa mwingine kimepanda ugonjwa badala ya kuung'oa.

Ndivyo ilivyo kwa wembe wa ngariba, wa kinyozi, na wa wale wanaoumika. Hijama ni sunna tunayoienzi, na hakuna katika sunna panaposema wembe mmoja utumike kwa watu kumi. Mwenye kuumika na anunue wembe mpya mbele ya macho ya mteja, na vikombe viwe vya kutupwa au vimetakaswa ipasavyo. Kirusi cha C nacho hupita njia hiyohiyo ya damu. Mwaka 2012 madaktari wa Mayo Clinic huko Minnesota, wakiongozwa na Abdirashid Shire, walichunguza Wasomali waishio huko na kukuta kwamba aina hiyo ya C ilihusika kwa kiasi kikubwa na saratani ya ini miongoni mwao. Na aina ya C siku hizi ina vidonge vinavyoiponya kabisa katika majuma machache.

Kwa aina ya B, dawa ya kukifuta kirusi haijapatikana, ila iko ya kukituliza, tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, kinachopunguza sana safari ya kuelekea kwenye makovu na saratani. Na ipo chanjo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na kabla ya miaka 15 kupita saratani ya ini kwa watoto wake ilikuwa imepungua waziwazi. Kenya iliiingiza katika chanjo ya watoto ya magonjwa matano mwaka 2001, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani hushauri dozi moja zaidi ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na mama mjamzito akipimwa kliniki akakutwa na kirusi, aiulizie dozi hiyo kabla ya uchungu kumshika, si baada. Kunyonyesha hakumwambukizi mtoto. Kula pamoja katika sinia moja hakumwambukizi mtu. Wapo wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe mpaka wakafa na upweke, na ni dhulma.

Anayekutwa na kirusi, na hasa akiwa mwanamume aliyepita miaka 40, apigwe picha ya ini ya mawimbi ya sauti kila miezi sita, maana uvimbe ukiwa mdogo hukatwa au huunguzwa, na ukiwa mkubwa hupewa jina tu. Kutoka Kotile, kipimo cha damu kinatafutwa Masalani au Garissa, na Garissa kuna kituo cha saratani katika hospitali ya rufaa, kimojawapo cha vituo vya kanda pamoja na Mombasa na Nakuru.

Nilimpigia simu mjane kabla eda yake haijaisha, nikamweleza haya niliyoyaeleza hapa, polepole, na shemeji yake akitafsiri nilipokwama. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza juu ya watoto. Ana wavulana wawili waliozaliwa kabla ya 2001, na binti mmoja na mvulana mdogo waliozaliwa baadaye. Kadi za kliniki za hao wadogo bado anazo, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho, na chanjo zote tatu zimepigwa muhuri. Wakubwa hawana kadi.

Walipelekwa kupimwa wote, na mama yao akapimwa pia. Mama hana kitu. Wadogo hawana kitu. Mkubwa wa wote, kijana wa kuoa, kirusi kimo katika damu yake, na daktari anasema ini bado ni zima. Ameshapewa tarehe ya kurudi. Posa yake imesimama kwa sasa, si kwa kuvunjwa, bali mpaka mchumba amalize sindano zake tatu za chanjo. Baba wa binti, aliyeambiwa kila kitu mbele ya imamu, ndiye aliyesema wangoje.